Pete ya Nne Haitelezi

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mmoja ameshika mashine ya kukaushia nywele na anapuliza hewa ya moto juu ya kitu kisicho na unywele hata mmoja.

Ni chipu, kipande cheusi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilichobanwa katikati ya ubao wa kijani wenye nyaya kila upande. Kando yake kuna kipimajoto cha waya. Kwenye skrini, namba za kasi zinapanda kidogo kidogo kila anapobonyeza kitufe.

"Ishirini na tisa, sawa," anahesabu kwa sauti ya chini. "Thelathini, sawa. Thelathini na moja, sawa. Thelathini na mbili..." Anazima mashine. Chumba kinakuwa kimya ghafla. "Huyo. Karudi nyuma tena."

Anaandika kwenye daftari. Anachukua kopo la hewa baridi, anakipulizia kile kipande mpaka kinafunikwa na ukungu mweupe, kisha anaanza kuhesabu upya. Kwenye joto au kwenye baridi, jibu ni lile lile. Ndani ya chipu kuna saketi nne ndogo anazoziita pete. Hatua ya thelathini na mbili inateleza, yaani inashuka badala ya kupanda, katika pete ya kwanza, katika ya pili na katika ya tatu.

"Lakini ya nne haitelezi," anasema, na macho yanamng'aa kama mtu aliyetegewa kitendawili. "Zote nne ni pacha. Nimezisanifu kwa mpigo mmoja, mchoro mmoja. Sasa huyu wa nne adabu kaitoa wapi?"

Ni Jumanne. Ijumaa saa nne asubuhi atatakiwa kulijibu swali hilo mbele ya mkuu wa ofisi. Akishindwa, kazi yake ya miaka mitatu itawekwa kando.

Ofisini wanamwita Mama Mapigo. Ana miaka arobaini na tatu, miwani yenye kamba shingoni, na mazoea ya kuzungumza na mashine kama anazungumza na wapangaji wakorofi. Kazi yake ni kusanifu kitu ambacho karibu kila mtu anacho mfukoni na hakuna anayejua kwamba kipo.

Prosesa, ile sehemu ya simu au kompyuta inayofanya hesabu zote, huenda kwa mapigo. Pigo moja, hatua moja. Mapigo yakiwa ya haraka, kazi inakwenda haraka na betri inakwisha haraka. Yakiwa ya polepole, betri inapumua.

"Taabu ni kwamba prosesa haina mwendo mmoja," anaeleza. "Sasa hivi simu iko mfukoni, imelala fofofo. Mara mtu anakupigia kwa video. Inakurupuka, inavuta umeme kwa pupa, na umeme wenyewe unayumba, kama taa za nyumbani zinavyofifia friji ikiwaka. Umeme ukiyumba na mapigo yakabaki na kasi ile ile, hesabu zinakosewa. Lazima awepo wa kupunguza mwendo papo hapo, halafu auongeze tena taratibu."

Huyo wa kupunguza na kuongeza anaitwa mdhibiti, nayo ni saketi nyingine iliyosanifiwa na watu wengine. Lakini mdhibiti hana miguu. Miguu yake ni pete ya Mama Mapigo. Mdhibiti anataja namba ya hatua, na pete inapiga kwa kasi ya hatua hiyo. Hatua ni sitini na nne, kutoka mapigo milioni mia nne kwa sekunde hadi bilioni mbili.

Prosesa wanayoitengeneza ofisini kwao ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya hesabu kwa pamoja, na kila kiini kinataka pete yake. Ndiyo maana pete lazima iwe ndogo. Yake ina upana wa maikromita kumi na nane. Ukichukua unywele mmoja wa kichwani, pete nne zingekaa juu yake bega kwa bega.

Lazima pia isile umeme mwingi, kwa sababu yenyewe hailali. Wengine wote wakizimwa, pete inabaki macho kumsubiri wa kuwaamsha. Inatumia maikrowati thelathini na nane. Ile taa ndogo nyekundu inayoonyesha kwamba televisheni imezimwa hula mara mia tatu ya hapo, pengine zaidi.

"Pete ya zamani tuliyonunua kwa watu ni kubwa mara tisa na inakula mara arobaini," anasema. "Lakini haitelezi. Ndiyo maana bosi anaitazama kwa jicho la huba."

Chumba cha vipimo kina meza tatu, feni moja na dirisha linaloangalia ukuta wa jengo la pili. Kwenye meza ya mwisho kuna kiti chenye mto uliofumwa kwa sufu ya bluu. Hakuna anayekikalia. Mgeni akitaka kukivuta, Mama Mapigo anamwonyesha kingine, bila kueleza.

Kilikuwa kiti cha mchoraji wake.

Katika kazi hii, msanifu anaamua ni transista ngapi, zile swichi ndogo mno za umeme, zitumike na zishikane vipi. Mchoraji ndiye anayezipanga, kila moja mahali pake, kwenye mchoro utakaopelekwa kiwandani. Msanifu anaweza kuwa hodari kiasi chochote. Mchoraji akipanga ovyo, chipu inarudi mbovu.

Walimwita Mzee Penseli, kwa sababu alianza kila mchoro kwenye karatasi yenye miraba kabla ya kugusa kompyuta, na penseli ilikaa juu ya sikio lake hata wakati wa chakula. Aliingia kwenye kazi hii akiwa na miaka thelathini na tano. Kabla ya hapo alikuwa anachoma matofali.

"Siku ya kwanza nilicheka," Mama Mapigo anakiri. "Nikajisemea, wameniletea fundi matofali. Baada ya mwezi nikaacha kucheka. Nilikuwa namuuliza kila kitu."

Miezi mitano iliyopita walipeleka mchoro wa pete hizi nne kiwandani. Kiwanda huchukua miezi minne na siku kadhaa. Katikati ya kusubiri huko, Jumapili moja, Mzee Penseli alianguka bafuni kwake. Jumatano wakamzika. Chipu hizo za majaribio zilipofika wiki iliyopita, kumi na nane ndani ya kisanduku chenye sponji, Mama Mapigo alisaini kupokea, akaketi, akakaa nusu saa nzima bila kukifungua.

"Tulikuwa na desturi," anasema. "Yeye ndiye aliyefungua. Alikuwa anapuliza kwanza, fuu, kama anafukuza vumbi. Vumbi lenyewe halipo."

Siku hiyo alifungua mwenyewe. Alipuliza.

Jumatano jioni yuko nyumbani, nyumba ya vyumba vitatu anayoishi na mama yake. Mama huyo ni fundi cherehani mwenye miaka sabini na moja. Cherehani kiko dirishani, na sakafu imejaa vipande vya kitambaa cha sare za shule. Dada yake mkubwa amekuja kuchukua gauni lake, na limempwaya.

"Huyu mdogo wangu nimemuuliza miaka kumi kazi yake ni nini," anasema dada. "Mara anasema mapigo, mara anasema umeme. Juzi kaniambia kazi yake ni kugawa umeme ndani ya simu. Nikamwambia, kumbe wewe ndiye unayetukatia!"

"Mgao wa ndani ya simu, dada. Ndani."

"Mgao ni mgao tu. Na huko nako mnakata bila taarifa?"

Mama yao anacheka mpaka anasimamisha cherehani. Mama Mapigo anaweka kikombe chini na kujaribu kwa mara nyingine, kwa njia aliyofundishwa na Mzee Penseli.

"Haya. Tuko watatu hapa, tumekaa kwa duara. Kila mmoja ni mbishi. Akisikia 'ndiyo' anamwambia wa pembeni 'hapana'. Akisikia 'hapana' anasema 'ndiyo'. Dada, mimi nakwambia 'ndiyo'."

"Hapana," anasema dada, bila taabu yoyote.

"Mama?"

"Ndiyo."

"Hiyo 'ndiyo' inanirudia mimi. Nami ni mbishi, sasa lazima niseme 'hapana'. Dada?"

"Ndiyo. Eh! Nimegeuka."

"Mama?"

"Hapana. Sasa hii inaishia wapi?"

"Haiishi, mama. Ndiyo pete yenyewe. Mkiwa wawili au wanne, mnafika mahali mnatulia. Mkiwa watatu au watano hamtulii kamwe. Neno linazunguka milele. Kila likimaliza mizunguko miwili ni pigo moja. Mimi kazi yangu ni kuwapunguza mwendo au kuwaharakisha."

Mama anachomoa pini mdomoni. "Kwa hiyo wewe unalipwa mshahara kwa sababu watu hawaelewani?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, katika ukoo huu mimi ningekuwa tajiri tangu zamani."

Wakishatulia kucheka, mama anamtazama mwanawe kwa muda. Kisha anauliza kwa upole kama kuna kilichoharibika. Mama Mapigo anaeleza kuhusu hatua ya thelathini na mbili. Mdhibiti akitaka kuongeza mwendo kidogo, anaita hatua hiyo, na pete inapunguza badala ya kuongeza. Mdhibiti anashangaa, anarudi nyuma, anajaribu tena, anarudi tena. Prosesa inabaki inababaika hapo hapo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Na huyo wa nne?"

"Wa nne anapanda vizuri, moja hadi sitini na nne, katika chipu zote kumi na nane. Bosi anasema ni bahati."

"Bahati mara kumi na nane?" Mama anarudisha pini mdomoni. "Kitambaa kimoja, mkasi mmoja, na gauni moja tu ndilo limekaa sawa? Mtu kaligusa hilo, mwanangu. Tazama pindo."

Dada anajitazama kwenye kioo. "Mama, na hili langu ulitazama pindo?"

Alhamisi saa tatu asubuhi, Mama Mapigo anafanya jambo ambalo anasema hajui kwa nini hakulifanya siku ya kwanza. Anafungua mchoro wa pete ya nne.

Wiki nzima alikuwa akiukagua ule wa kwanza. "Ukishamwona pacha mmoja, nani anahangaika kumkagua wa nne?" Kompyuta nayo, kabla mchoro haujapelekwa kiwandani, ilitoa orodha ya maonyo elfu moja mia mbili na nne. Mengi ya maonyo hayo hayana maana. Ni kama mbwa anayebwekea kila mpita njia. Aliyapitia kwa siku mbili na kuyawekea alama ya sawa. Moja lilisema kwamba kwenye kona ya kiini cha nne kuna transista nane za ziada zisizounganishwa na chochote. Nalo aliliwekea alama ya sawa.

Sasa anaziona kwenye skrini. Nne upande wa kushoto, nne upande wa kulia, zimesimama nje ya safu kama askari getini.

"Walinzi," anasema polepole. Anavua miwani. "Mzee aliwaacha walinzi."

Hapo anasimulia kitu ambacho hakukitaja Jumanne.

Ndani ya pete, hatua zile sitini na nne hupatikana kwa kuwasha na kuzima vijitransista vingi vinavyofanana. Kutoka hatua ya thelathini na moja kwenda thelathini na mbili, kundi lote la kwanza la thelathini na moja linazimwa, na kundi jipya la thelathini na mbili linawashwa badala yake. Ikiwa vyote vina nguvu sawa, mwendo unaongezeka kwa kipande kimoja. Lakini vinavyosimama mwisho wa safu havitoki kiwandani sawa na vya katikati. Hutoka dhaifu kidogo. Ndiyo maana wachoraji huweka vingine vya bure pembeni, visivyofanya kazi yoyote ila kupokea madhara badala ya wenzao. Hao ndio walinzi.

Walinzi hula nafasi. Miezi sita iliyopita, pete yake ilikuwa na upana wa maikromita ishirini na mbili, na nafasi aliyopewa ilikuwa kumi na nane. Alitafuta pa kubana kwa wiki tatu. Mwishowe akamwendea Mzee Penseli mezani kwake.

"Mzee, toa walinzi."

Mzee alitoa penseli sikioni. "Mama, wa pembeni wataungua."

"Nimepiga hesabu kwenye kompyuta. Inasema ni sawa."

"Kompyuta haijawahi kuchoma tofali. Ukitoa ya pembeni kwenye tanuri, inayofuata ndiyo inakuwa ya pembeni. Tanuri halikosi pembeni, mama."

"Mzee, mimi ndiye nitakayejibu kwa bosi. Toa."

"Haya mama," alisema Mzee Penseli. Akarudisha penseli sikioni na kugeukia skrini.

"Niliona amekubali," anasema Mama Mapigo. "Hakuwahi kubishana mara ya pili. Na kundi lile la thelathini na mbili ndilo lililokuwa pembeni, mimi nililiweka huko mwenyewe. Kwa hiyo sasa thelathini na mbili wanazidiwa nguvu na thelathini na mmoja. Nimeipindisha ngazi kwa mkono wangu."

Pete tatu za kwanza zimezungukwa na majirani kila upande. Ya nne iko kwenye kona ya chipu, kando ya kipande kitupu ambacho hakuna aliyekihitaji. Mzee aliwatoa walinzi alipoamriwa. Pale kwenye kona aliwaacha.

Anaukuza mchoro zaidi. Kwenye skrini kila tabaka la chipu lina rangi yake: nyekundu, bluu, kijani. Lipo pia tabaka la maandishi, ambalo haliendi kiwandani. Ni la wachoraji kuwekeana alama. Kwa kawaida yeye hulifunga kwa sababu linajaza skrini takataka. Safari hii analifungua.

Juu ya walinzi wa kushoto kuna mstari mmoja wa herufi za kijivu, ndogo, na tarehe pembeni.

*Samahani mama. Hapa nafasi ipo, nimewaacha.*

Anausoma. Anausoma tena. Kisha anainuka, anakwenda dirishani, na anakaa akiutazama ukuta wa jengo la pili kama mtu anayetazama bahari. Anaporudi, anachosema ni kifupi.

"Aliomba na samahani. Mimi sijawahi kumwomba."

Ijumaa saa nne, chumba cha mikutano. Ni meza ndefu, watu sita, na mashine ya kuonyesha picha ukutani inayokoroma kama paka. Mkuu wa ofisi ni mtu mfupi anayependa kutembea wakati wengine wamekaa.

"Mama Mapigo, sina haja ya hadithi ndefu," anaanza. "Pete inateleza au haitelezi?"

"Tatu zinateleza, moja haitelezi."

"Hilo tumelisikia. Kiwanda kimekosea?"

Hapa ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Kiwanda kiko mbali, na huwa hakina wa kukitetea kwenye vikao. Aliyechora hayupo tena. Watu wawili mezani tayari walikuwa wanatikisa vichwa kukubali kwamba ni kiwanda.

"Kiwanda hakikukosea," anasema. "Mchoraji hakukosea. Nilimwamuru atoe walinzi ili pete iingie kwenye nafasi. Alinikataza, nikasisitiza. Kwenye viini vitatu alinitii, na hivyo vitatu ndivyo vibovu. Kwenye cha nne hakunitii."

Mkuu anaacha kutembea. "Hakukutii? Alibadilisha mchoro bila kumwambia mtu?"

"Aliandika. Mimi ndiye sikusoma."

Anawaonyesha ukutani ile pete ya nne, walinzi wanane na mstari wa kijivu. Mashine inaendelea kukoroma.

"Unajua hilo ni kosa," mkuu anasema mwishowe, lakini sauti imepungua. "Pacha wanne lazima wafanane. Mchoraji akirudia kufanya hivi, mimi namfukuza."

"Umechelewa, bosi," anasema Mama Mapigo.

Mmoja anacheka bila kukusudia, anajiziba mdomo. Kisha mkuu mwenyewe anacheka, anakaa chini kwa mara ya kwanza, na kujipangusa uso kwa kiganja.

"Sawa. Bila kosa lake, wewe leo ungekuwa na nini?"

"Ningekuwa na pete nne mbovu na sijui kwa nini. Sasa nina vipimo kumi na vinane vya pete nzuri. Muundo ni mzima. Kinachokosekana ni maikromita nne."

"Utazipata wapi? Chipu imejaa."

Wote wanageuka kumtazama mtu mmoja mrefu aliyekaa mwisho wa meza. Ndiye msanifu wa kumbukumbu, zile saketi zinazotunza namba kwa muda, na katika mchoro yeye ndiye anayepakana na pete zote. Wanamwita Jirani.

"Msinitazame hivyo," anasema Jirani. "Nilijua tu. Mwaka jana aliniomba moja, nikampa. Leo nne. Mwakani atanihamishia na fanicha."

"Kaka, nipe mbili tu. Mbili nyingine nitajibana mwenyewe."

"Mbili kila upande au mbili jumla?"

"Jumla."

"Kwenye viini vyote?"

"Vitatu tu. Cha nne kina nafasi yake."

Jirani anachora kitu kwenye karatasi, anakikata, anachora kingine. "Dada, nikikupa hizo, nitalazimika kusogeza safu mbili za kwangu. Ni siku nne za kazi." Anautazama tena ukuta, ule mstari wa kijivu. "Mzee alinichorea mimi pia, miaka sita. Haya, chukua. Lakini ukija tena nafunga geti."

Mkuu anatazama kalenda. Mchoro wa mwisho wa prosesa utatumwa kiwandani baada ya siku kumi na moja. Anatoa uamuzi wake akiwa bado amekaa. Pete mpya ikiwa tayari na imekaguliwa ndani ya siku kumi, itaingia. Isipokuwa tayari, watatumia ile kubwa ya kununua, na Mama Mapigo pamoja na msaidizi wake mmoja watahamishiwa kitengo cha kukagua kazi za wengine.

"Na maonyo yote elfu moja mia mbili yasomwe," anaongeza. "Moja moja."

"Nimeshaanza, bosi. Niko la mia tatu na arobaini."

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, chumba cha vipimo kimebadilika kidogo. Mashine ya kukaushia nywele imerudi kwenye droo. Mezani kwa Mama Mapigo kuna karatasi yenye miraba, kifutio, na vipande mia moja hivi vya kadi vilivyokatwa sawa sawa kwa mkasi wa mama yake wa kushonea. Kila kipande ni transista moja. Anavipanga, anavipangua, anakuna kichwa, anapanga tena.

Safari hii hajaliweka kundi la thelathini na mbili pembeni. Amelitawanya katikati ya safu, wengine kushoto na wengine kulia, ili kama kuna pa kuungua waungue wote kwa kiasi kile kile. Na bado anawaongeza walinzi.

"Nilikuwa nafanya haya yote kwenye kompyuta," anasema. "Ni haraka zaidi. Lakini kompyuta inakubali kila unachosema. Karatasi, ukikosea, unalazimika kuinua mkono na kusogeza kipande, na ukiinua mkono unafikiri mara mbili. Mzee alikuwa akiniambia, mimi nikidhani ni ushamba."

Hesabu zake zinaonyesha upana wa maikromita ishirini kamili, walinzi wakiwa ndani. Umeme umeongezeka kwa maikrowati moja. Zimebaki siku saba. Ikiingia, chipu zitarudi baada ya miezi minne na kitu, na hapo ndipo atajua kwa hakika kama hatua ya thelathini na mbili inapanda.

Amepanga jambo moja zaidi, na kwa hilo amekwenda kumwomba mkuu ruhusa peke yake.

Alitaka maneno ya Mzee Penseli yahamishwe kutoka tabaka la maandishi hadi tabaka la juu kabisa la chuma, ambako wakati mwingine kuna sehemu tupu, ili yachongwe kwenye kila chipu itakayotoka. Mkuu hakukataa. Kanuni za kiwanda ndizo zilizokataa. Herufi zina mikunjo na kona kali, na chuma chembamba namna hiyo hakipendi kona kali.

Alirudi mezani na kulifikiria siku mbili. Kisha akachukua karatasi na kuchora kitu kisicho na kona isiyoruhusiwa: mstari mnene, ulionyooka, urefu wa maikromita kumi na moja, wenye ncha iliyopungua kwa vidaraja viwili upande mmoja. Kiwanda kitauona kama kipande cha chuma tu. Kitapita bila onyo hata moja.

"Ni penseli," anasema, akiigeuza karatasi ionekane vizuri. "Haifanyi kazi yoyote. Imesimama tu pale pembeni, juu ya pete ya nne."

Anauliza ni saa ngapi sasa. Anaambiwa saa tano kasoro robo. Ana onyo la mia saba na kumi na mbili la kusoma kabla ya chakula. Anavuta kiti chenye mto wa bluu, anakisogeza karibu na meza yake, na kuweka juu yake ile karatasi, penseli na kisanduku chenye sponji kitakachosubiri chipu mpya.

"Zikirudi," anasema, "nitapuliza kwanza."